Dola, kadi au simu? Ulinganisho kwa msafiri wa Arusha na Moshi, pamoja na tipu zake

Mtu wa Arusha au Moshi akipata safari ya nje, ndugu humuuliza: unabeba dola au unatumia kadi? Wengi hujibu wakiwaza pesa kubwa, yaani hoteli, matibabu au mzigo wa duka. Pesa kubwa haisumbui sana. Hospitali ya Chennai, India, itapokea kadi, itapokea uhamisho wa benki, na hoteli ya Dubai hivyo hivyo. Msafiri hukwama kwenye pesa ndogo. Aliyemfikishia mabegi chumbani bado yuko mlangoni, dereva wa teksi hana chenji, mhudumu ameleta bili yenye mstari mtupu unaosubiri kujazwa. Ndiyo maana hapa naanza na pesa ndogo. Ukishajua tipu, yaani bakshishi ya anayekuhudumia, inatolewaje unakokwenda, na kwa nini, utajua pia ubebe nini.

Tipu tunaijua vizuri huku, ila kwa upande wa kupokea. Moshi nzima inajua kundi likishuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka, wagumu, yaani wabeba mizigo wa mlimani, hukaa wakisubiri bahasha ifunguliwe na mgawo utajwe mbele ya wote. Ukipanda ndege pale KIA, uwanja wa Kilimanjaro, bahasha inahamia mkononi mwako, na kila nchi ina hesabu zake.

Noti za dola

Uzuri wake ni kwamba hazitegemei mtandao, hazina makato ya benki, na karibu kila duka la fedha duniani linazinunua. Ubaya wake ni kwamba zikiibiwa zimekwenda, na kwamba noti yenyewe hukaguliwa kama pasipoti.

Tazama karani wa kaunta ya fedha mjini Arusha anavyoishika noti ya 100. Anapitisha kidole begani kwa Franklin, yule mzee wa kwenye picha, kusikia mkwaruzo wa chapa. Anaiinua kwenye mwanga kutafuta sura ya pili iliyofichwa upande wa kulia, anaigeuzageuza aone utepe wa buluu unavyocheza, kisha macho yanashuka kwenye mwaka wa toleo, ule wa maandishi madogo. Noti ya zamani, iliyochanika pembeni, yenye mhuri wa wino au iliyoandikwa kalamu inarudishwa, au inapewa reti ya chini. Noti za 1, 5, 10 na 20 nazo hupewa reti ya chini kuliko za 50 na 100. Dubai na India utakutana na makarani wa aina hiyo hiyo. Kituko ni kwamba Marekani kwenyewe hakuna noti ya dola iliyokwisha muda. Ile uliyokataliwa Arusha, ukiifikisha Houston unanunulia mkate bila swali.

Kwa hiyo unaponunua dola, zikague kabla ya kuondoka dirishani. Karani atapenda kukupa za 100 tupu. Kama unakwenda Marekani, omba mapema za 1 na 5, maana hizo ndizo za tipu na hazipatikani kirahisi benki. Inachekesha kidogo, kwa sababu mji wetu umejaa noti hizo hizo kutoka kwa watalii, lakini kufanya biashara ya fedha za kigeni bila leseni ni kosa. Tangu operesheni ya Novemba 2018 iliyofungia maduka mengi ya fedha hapa Arusha, hakuna asiyejua kwamba Benki Kuu haitanii katika hilo. Nenda benki au duka lenye leseni, na pasipoti na tiketi mkononi.

Kuhusu kuvizia reti: mwaka 2024 dola ilipanda ikavuka shilingi 2,700, kisha kabla mwaka haujaisha ikashuka hadi chini ya 2,400. Aliyesubiri alifaidi, aliyekuwa na safari Septemba hakuwa na la kusubiri. Nunua kwa mafungu mawili ukiwa na muda, halafu usiangalie tena.

Kadi

Kadi ya Visa au Mastercard kutoka benki ya hapa inafanya kazi Dubai, London na New York bila shida. Shida hutokea kwa sababu mwenye kadi hakuuliza maswali kabla ya kuondoka. Je, matumizi ya nje yamefunguliwa? Kikomo cha kutoa kwa siku ni kiasi gani? Benki inakata asilimia ngapi kubadilisha fedha, na kila ukitoa kwenye ATM ya nje unakatwa nini? Ikipotea, nipige namba ipi? Hili la mwisho usilidharau, kwa sababu ile namba fupi ya huduma kwa wateja haipigiki ukiwa nje. Andika namba ndefu yenye +255. Na laini yako ya Tanzania ibaki kwenye simu ikiwa imeunganishwa na huduma ya nje ya nchi, kwa kuwa benki hutuma namba ya uthibitisho huko, bila kujali umenunua laini gani ya kienyeji.

Kuna mtego mmoja kwenye mashine ya malipo unaostahili aya yake. Umemaliza kula Dubai, mhudumu amekusogezea mashine, na kwenye kioo kuna mistari miwili: AED 184.00, na chini yake kiasi kwa TZS. Shilingi inavutia kwa sababu unaielewa. Usiibonyeze. Ukichagua shilingi, anayebadilisha fedha ni mwenye mashine kwa reti yake mwenyewe, na reti hiyo ina faida yake ndani. Ukichagua dirham, benki yako ndiyo inayobadilisha, na karibu siku zote inatoka nafuu. Kwenye ATM swali huja kwa sura nyingine: unakubali reti iliyoonyeshwa? Ukikataa, pesa hutoka vile vile. Wengi hukubali wakidhani wakikataa mashine itameza kadi.

Jambo la pili ni amana ya hoteli. Hoteli nyingi hushikilia kiasi fulani kwenye kadi siku unapoingia. Kwa mwenye kadi ya mkopo hiyo ni namba tu. Wengi wetu kadi zetu zinachota moja kwa moja kwenye akaunti, kwa hiyo pesa hiyo inakuwa haipo hadi iachiliwe, na baada ya kuondoka inaweza kuchukua siku kadhaa. Ukiwa na salio la kubana, lipa amana kwa noti na uchukue risiti.

Simu

Hapa nitakuwa mfupi. Kwa Kenya, simu inafaa sana. Ukienda mbali zaidi, M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas za Tanzania hazikulipii teksi. China kila kitu ni simu, lakini simu hiyo inahitaji kadi nyuma yake, kama tutakavyoona.

Uchenjie wapi?

Shilingi ya Tanzania ina soko Nairobi na mipakani, si Guangzhou wala London. Usiende na bunda la elfu kumikumi ukitumaini kulibadilisha mbele ya safari.

Kwenda Kenya, unaweza kununua shilingi za Kenya Arusha au Moshi kabla ya kupanda gari la Namanga au Holili. Vijana wa mpakani wenye mabunda mkononi reti yao husikika tamu, lakini hesabu yao ni ya haraka na noti inaweza kukunjwa katikati ikahesabiwa mara mbili. Ukipewa noti za Kenya, tafuta picha ya KICC, lile jengo la mikutano la Nairobi. Noti zote za toleo la 2019 zina picha yake. Elfu moja ya zamani ilikufa rasmi tarehe 30 Septemba 2019, na bado kuna wanaojaribu kumpa mgeni.

Kwenda Dubai, usihangaike kutafuta dirham hapa. Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997 kwa 3.6725, kwa hiyo dola yako haipotezi thamani njiani na unachopoteza ni faida ya duka la fedha tu. Riyali ya Saudia ni hivyo hivyo, 3.75 kwa dola, jambo la kukumbuka kwa wanaokwenda Umra. Kaunta za uwanja wa ndege, popote zilipo, ni za kubadilisha pesa ya teksi na si zaidi.

Nchi kwa nchi: tipu na mkoba wake

*Nairobi.* Tipu si lazima. Kwenye mgahawa wa kawaida unaacha chenji, kwenye mgahawa wa kukaa na kuhudumiwa watu huacha hadi asilimia 10. Kwenye bili utaona VAT ya asilimia 16 na pengine tozo ya utalii ya asilimia 2. Hizo ni za serikali, si za mhudumu, na wala usizichanganye na gharama ya huduma inayoongezwa na hoteli nyingine. Ukilipa kwa M-Pesa kwenye namba ya till, yaani namba ya malipo ya biashara, pesa inaingia kwa mwenye mgahawa. Ukitaka tipu imfikie aliyekuhudumia, muulize, "Dada, nikiongezea hapa itakufikia?" Atakuambia ukweli, na mara nyingi atakutajia namba yake. Chaguo langu kwa Nairobi ni simu kwanza, na shilingi za Kenya chache mfukoni kwa matatu na mbeba mizigo. Dola haina kazi. Sarafu moja ya Afrika Mashariki ingetumalizia mjadala huu, ila lengo la 2024 lilishasogezwa hadi 2031.

*Dubai.* Bili ya mgahawa wa hotelini huweza kuwa na gharama ya huduma ya asilimia 10 na ada ya manispaa ya asilimia 7. Watu huona hizo wakadhani tipu imeshalipwa. Gharama ya huduma inakwenda kwa hoteli, na hoteli ndiyo inayoamua mhudumu apate nini. Kuacha dirham 5 au 10 mezani kwa mkono ni ustaarabu unaothaminiwa, hasa ukikumbuka kwamba wengi wanaohudumu pale wanatuma pesa kwao kila mwezi. Kwa hiyo kadi kwa mambo makubwa, na noti za dirham 5 na 10 kwa watu. Ukibadilisha dola 100, mwambie karani akupe ndogondogo.

*Guangzhou.* Hapa ndipo mazoea yetu hayafanyi kazi. China haina desturi ya tipu. Acha pesa mezani na mhudumu anaweza kukufuata nje akidhani umesahau. Kwa mfanyabiashara hii ni ahueni, lakini malipo yenyewe yana mtihani: muuza tambi, teksi na treni ya chini ya ardhi wote wanataka Alipay au WeChat. Habari njema ni kwamba siku hizi programu hizo zinakubali kadi ya Visa au Mastercard ya nje. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana ada, ukizidi hapo wanakata asilimia 3. Jisajili ukiwa bado Arusha, ambako ujumbe wa uthibitisho unaingia bila wasiwasi, na jaribu kadi kabla ya siku ya safari. Noti bado ni halali, na kwa mzigo mkubwa watu wetu wengi hubeba dola za kubadilisha, ila hapo kuna sheria ya forodha nitakayoieleza chini.

*India.* Kinyume kabisa cha Guangzhou, ingawa wasafiri huzipanga pamoja kwa sababu zote ziko Asia. India mkono hutoa mara nyingi, na hutoa kidogo. Mgahawani asilimia 5 hadi 10 inatosha. Bili ikiwa imeongezwa gharama ya huduma, unayo haki ya kuomba iondolewe: miongozo ya 2022 ilikataza kuiweka bila ridhaa ya mteja, na Mahakama Kuu ya Delhi ikaiunga mkono Machi 2025. Kwa anayepeleka mgonjwa, swali gumu ni wodini. Msukuma kiti cha magurudumu na mfagiaji wanaweza kukawia kando yako kuliko inavyohitajika, wakitarajia kitu. Ukiona tangazo la hospitali linalokataza kuwapa wafanyakazi chochote, liheshimu. Mnaweza kushukuru siku ya kuondoka. Wauguzi hupenda sanduku la pipi tamu kuliko noti.

Wenyeji wanalipa kila kitu kwa simu kupitia UPI, mfumo wa malipo wa India, lakini kwa mgeni wa wiki mbili kuipata ni usumbufu. Kwa hiyo kwa India nachagua dola safi za 100, ukizibadilisha kidogo kidogo, na kadi kwa hospitali. Usikubali noti ya rupia 2,000 kama chenji, iliondolewa kwenye mzunguko kuanzia Mei 2023. Za 50 na 100 zikusanye kama dhahabu.

*Marekani.* Hapa tipu ni sehemu ya mshahara, kwa maana halisi. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea tipu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, ilhali kima cha chini cha wengine ni dola 7.25. Majimbo mengine, California mojawapo, yanalipa kima kamili, lakini desturi ya tipu ni ile ile. Mgumu wa Kilimanjaro anamwelewa mhudumu huyu bila maelezo. Asilimia 15 ndiyo ya chini ya heshima, 18 hadi 20 ndiyo ya kawaida, na kutoacha kitu kunasomeka kama tusi.

Chukua mfano wa New York. Chakula kwenye orodha ni dola 40. Kodi ya mauzo, ambayo haiandikwi kwenye orodha, ni asilimia 8.875, sawa na dola 3.55. Tipu ya asilimia 18 inapigwa kwenye 40, si kwenye jumla yenye kodi: dola 7.20. Umetoka na 50.75. Sasa angalia inavyolipwa. Mhudumu anachukua kadi yako na kuondoka nayo. Usikimbilie nyuma yake, ndivyo wanavyofanya. Anarudi na karatasi mbili na kalamu. Kwenye mstari wa tipu unaandika 7.20, kwenye jumla 50.75, unasaini, unaacha nakala moja. Wakati huo ujumbe wa benki umeshaingia kwenye simu ukisema dola 43.55. Baada ya siku mbili tatu kinachokatwa ni 50.75. Hujaibiwa, ni tipu uliyoandika kwa mkono wako. Weka picha ya risiti hadi hapo.

Kwenye kaunta ya kahawa kioo kitakugeukia na vitufe vya 18, 20 na 25. Hapo mtu hajakuhudumia mezani, na kuna kitufe cha kutotoa. Kibonyeze bila aibu. Lakini anayesafisha chumba hotelini, ambaye hutamwona, mwachie dola 2 hadi 5 kila asubuhi, kila siku na si siku ya mwisho tu, kwa sababu anayesafisha leo si lazima awe wa kesho. Mbeba mizigo dola 1 hadi 2 kwa begi. Ndiyo maana zile noti za 1 na 5 zilitakiwa. Kadi inabeba asilimia tisini ya safari, na bahasha ya dola ndogo inabeba heshima yako.

*Uingereza.* Migahawa mingi huongeza asilimia 12.5, na ukiiona imeandikwa ni ya hiari, huhitaji kuongeza kitu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri kuwafikishia wafanyakazi tipu yote. Kwa hiyo, tofauti na Dubai, kulipia kwa kadi hakumwibii mtu. Baa ya kuagiza kaunta haina tipu. Kadi pekee inatosha: mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu tangu Julai 2014, unagusisha kadi tu. Kama shangazi alikutunzia pauni za karatasi kabatini, za 20 na 50 ziliacha kutumika madukani tarehe 30 Septemba 2022. Zipeleke Benki Kuu ya Uingereza.

Forodha na makombo

Kuondoka Tanzania na dola 10,000 au zaidi kunakutaka utoe taarifa kwenye fomu. Marekani nao wanataka taarifa ukizidi 10,000. Lakini India wanataka taarifa noti zikizidi dola 5,000, na China vivyo hivyo. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka KIA na dola 8,000 bila kujaza chochote, akafika Guangzhou akakamatwa hajatangaza. Fomu haikutozi kodi. Inachofanya ni kukupa karatasi ya kuonyesha siku utakayorudi na salio.

Rupia na yuan zibadilishe kabla ya kupanda ndege ya kurudi, kwa sababu hapa ni vigumu kupata reti nzuri. Utaombwa risiti ya pale ulipobadilisha mara ya kwanza, kwa hiyo itunze kwenye pasipoti. Dirham, pauni na euro zinauzika Arusha. Sarafu za chuma za nchi yoyote hazinunuliki kaunta, zimalizie kwa chupa ya maji uwanjani. Dola zilizobaki ziweke kwenye bahasha ngumu zisikunjike: tangu kanuni za Machi 2025 malipo ya ndani ni kwa shilingi, kwa hiyo ni za benki au za safari nyingine.